Kinywa cha Mwenye Msiba

Mwanamume aliyemuua Anicet alikuwa na masikio makubwa, na hilo ndilo jambo pekee ambalo Libérate alitoka nalo mahakamani siku ile ya kwanza. Watu walimuuliza baadaye alijisikiaje alipomwona. Akawa anatafuta jibu moyoni kama mtu anayepapasa mfuko huku akijua fika kwamba umetoboka. Masikio makubwa, sweta ya kijivu, kucha zilizotafunwa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, jina lake Nkanyiso. Aliposomewa shtaka alisema ndiyo, ni yeye. Alitaka simu. Yule baba akaing'ang'ania. Akamchoma kisu.

Libérate hakumngoja mkalimani. Alikuwa amesuka nywele za wanawake wa Kizulu muda mrefu sana katika saluni ile ya mtaa wa Berea, mjini Durban, na lugha yao ilikuwa imemwingia kupitia vidole. Alielewa kila neno lilipotamkwa, kisha akalisikia mara ya pili kwa Kiswahili, na mara zote mbili halikumgusa popote.

Nje kwenye korido, Blaise, mdogo wake marehemu, aliuliza swali alilokuwa amelibeba tangu mazishi. Alitaka kujua watamnyonga lini. Aliyemjibu ni Kerubo, msichana wa Kikenya aliyepanga chumba kidogo nyumbani kwa Libérate, mwanafunzi wa sheria chuo kikuu. Akamweleza kwa heshima kwamba nchi hii iliacha kunyonga watu kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. Adhabu kubwa kuliko zote ni kifungo cha maisha. Tarehe ya hukumu imeshapangwa, na siku hiyo mjane ataruhusiwa kusimama na kusema kifo hiki kimemfanya nini.

“Kimemfanya nini,” Blaise akarudia. “Shemeji, umesikia? Wewe uwaambie kimekufanya nini, halafu yeye aende kula mkate wa serikali.”

Libérate alisema amesikia. Kisha akauliza kama taxi za Berea bado zinapita upande ule wa barabara.

Ndivyo alivyokuwa tangu alipopigiwa simu na polisi. Alifua, alipika, aliamka akaenda saluni. Kule Uvira, Kongo, Anicet alikuwa mwalimu wa hesabu; hapa Durban alivaa kizibao cha manjano na kulinda magari ya watu nje ya migahawa ya Morningside, na kizibao hicho kilikuwa bado kinaning'inia nyuma ya mlango. Libérate alikipita kila siku kama anavyoupita ukuta. Watu wa kanisani walimsifu wakasema, tazameni imani, mwanamke hakulia hata kaburini. Yeye alijua si imani. Alikuwa anapiga magoti kila asubuhi kama alivyozoea, anafumba macho, na pale ambapo maneno yalikuwa yanatoka palikuwa pakavu kama kisima cha kiangazi. Anakaa hivyo mpaka magoti yaume, anasema amina, anainuka.

Ijumaa kikundi cha maombi kilikutana kwake, cellule kama wenyewe walivyokiita. Baada ya nyimbo na kabla ya chai, mazungumzo yakaenda kule ambako kila mtu alijua yatakwenda. Blaise ndiye aliyeanza. Alisema nyumbani Kongo serikali imeamka, imerudisha adhabu ya kifo kwa wasaliti na kwa wale vijana wa mapanga wanaokata watu mijini, na mwenye macho aone ni nchi ipi inayowajali watu wake. Hapa muuaji anapewa kitanda, anapewa daktari, akitaka kusoma anasomeshwa. Anicet amepewa nini? Udongo, na udongo wenyewe wa ugenini.

Wengi waliguna kukubali. Mama Immaculée, kiongozi wa maombi, mwanamke mnene mwenye sauti iliyoweza kuamsha ghorofa nzima, alisema damu ina kinywa, na damu isiyojibiwa haiachi kulia. Tena, akasema, mambo kama haya hayaanzi kwa mtu mmoja. Ni roho. Inatembea katika ukoo, inatoka kwa babu inaingia kwa mjukuu. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Kerubo alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango wa jikoni. Alikuwa amejaribu kunyamaza. Ilionekana kwa namna alivyokuwa akiuzungusha mkufu wake. Mwishowe akasema kwamba kama mtu huzaliwa muuaji, basi hana kosa, kama vile nyoka hana kosa kuwa nyoka, na hakuna haja ya mahakama wala ya maombi. Na kama hakuzaliwa hivyo, basi kuna siku aligeuka, na anayeweza kugeuka mara moja anaweza kugeuka tena.

“Bon, wakili,” Blaise akasema, na watu wakacheka kidogo. “Nikuulize. Yule mwizi aliyetundikwa kando ya Bwana, si alikiri mwenyewe pale pale msalabani kwamba wao wanastahili? Alisema au hakusema?”

“Alisema, uncle.”

“Donc? Kwa hiyo?”

“Lakini serikali ile ile, siku ile ile, kilima kile kile, ilimtundika na asiye na kosa. Misumari ya aina moja.” Kerubo aliinamisha macho. “Hapa pia walinyonga sana zamani. Unadhani walionyongwa walikuwa nani? Wangerudisha leo, wa kwanza kusimama kwenye foleni angekuwa mgeni asiye na wakili. Wewe na mimi.”

Kisha Blaise akasema, sasa bila mzaha, kwamba hayo ni ya kweli kwa aliyesingiziwa. Huyu hakusingiziwa. Huyu amesimama mbele ya hakimu akasema mimi ndiye.

“Ndiyo,” Kerubo alisema. “Huyu amefanya.”

“Basi?”

“Basi bado ni mtu aliyefungwa mikono. Mtu aliyefungwa mikono, ukimuua, hata kama ni mbaya namna gani, unakuwa umefanya nini? Mimi, uncle, nikifikiria nani atamfunga kitambaa machoni, nani atavuta, huyo naye atarudi nyumbani kwake jioni atakula ugali. Sitaki awe jirani yangu.”

“Wewe hujazika mtu,” Blaise akamwambia, na sauti yake ilikuwa imepasuka. Ilikuwa kweli, na Kerubo akarudia kuuzungusha mkufu wake.

Hapo ndipo Mama Immaculée alipoleta neno lake. Alilileta taratibu, kama mtu anayeweka sufuria ya moto mezani. Serikali ya hapa imefuta kunyonga, alisema, Mungu hajafuta. Yako maombi ya hukumu. Yeye ameyaona yakifanya kazi Bukavu, na mara moja hapa hapa Durban. Ila yana utaratibu wake: kikundi kinasukuma tu, anayefungua mlango ni mwenye damu. Mjane akae kwenye kiti katikati, alitaje jina la muuaji kwa kinywa chake, aseme afe. Hapo watu waitikie. Bila kinywa cha mwenye msiba, hata wakikesha mwezi mzima, watakuwa wanapiga kelele tu.

Wote wakamtazama Libérate. Alikuwa anaangalia birika, akiwaza kwamba chai itakuwa imepoa.

“Nitafikiri,” akasema.

Pengine angefikiri mpaka tarehe ya hukumu ipite, na jambo hilo likafa lenyewe, kama si mbuzi.

Mbuzi alikuja Jumamosi, nyuma ya gari dogo la mizigo, bakkie, lililopandisha mlima wa Berea likikohoa na kusimama mbele ya geti la jengo lao. Alikuwa mweupe, amefungwa kamba shingoni, na alikuwa ameshachafua blanketi alilokalia. Akashuka mzee aliyevaa koti la suti lililombana, akashuka mwanamke wa makamo mwenye shali mabegani na kitambaa kichwani. Hawakubonyeza kengele. Walisimama nje ya geti, mzee akavua kofia, akaanza kuita kwa sauti kubwa, maneno marefu yenye mwendo wa nyimbo, akirudia jina Aniseti, Aniseti, namna alivyoweza kulitamka.

Watu wakatoka kwenye vibaraza. Mama Immaculée na Blaise walikuwapo, wamekuja kumletea Libérate unga na sombe, kisamvu cha kwao. Wote watatu wakainama juu ya ukuta wa kibaraza, ghorofa ya pili, wakatazama chini. Blaise alimtambua yule mwanamke kutoka mahakamani. “Ni mama yake,” akasema. “Yule muuaji. Ni mama yake yule. Anataka nini na mbuzi?”

Libérate alikuwa anasikia kila kitu. Mzee alikuwa anasema, sisi ni watu wa nyumba ya huyu mtoto. Mimi ni kaka wa mama yake. Tumekuja na kosa letu kichwani. Hatuingii, tunasimama hapa nje kama wanavyosimama wenye kosa, mpaka wenye nyumba waseme. Tumeleta mnyama huyu wa kunawa mikono, si kwa kulipa, mtu halipwi, bali tusipite njiani kama watu wasiojuana.

“Shemeji, wewe unasikia Kizulu. Wanasema nini?”

Angeweza kueleza. Ilikuwa sentensi mbili tatu tu. Lakini kuzitafuta, kuzipanga, kuzisema, kisha kujibu maswali ambayo yangefuata, ilikuwa kama kuambiwa ainue jengo. “Wanasalimia,” akasema.

Basi Mama Immaculée akaelewa alivyoelewa. Watu wasioingia, wasiobisha hodi, wanaosimama getini na mnyama mweupe na kuliita jina la marehemu: alijua hilo ni nini, nyumbani kwao mtoto wa chekechea angejua. Walikuja kumfunga marehemu kwa damu ya mbuzi ili damu yake isilie tena. Akashuka ngazi kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwake, chupa ya mafuta ya upako mkononi, Blaise nyuma yake. Akamimina mafuta kwenye vyuma vya geti huku akikemea, kwamba damu ya mbuzi imekwisha kazi, kwamba uchawi wao urudi ulikotoka. Blaise alipita akamsukuma mbuzi kwa mguu, mbuzi akalia, kijana mmoja wa ghorofa ya kwanza akawa anarekodi kwa simu. Mzee alirudi nyuma hatua moja, kofia kifuani, akimtazama mama mnene anayekemea kwa lugha asiyoijua. Alionekana mtu anayejaribu kukumbuka ni kipi alichokosea.

Mama yake Nkanyiso hakuwaangalia hao wawili. Aliinua uso akatazama juu, kibarazani, moja kwa moja. Libérate akamtazama pia. Hakuna aliyepunga mkono. Kisha wakampakia mbuzi wao wakaondoka.

Baada ya hapo hapakuwa na swali tena. Mama Immaculée alisema geti limeguswa, maombi ya hukumu ni kesho.

Jumapili baada ya ibada walijaa sebuleni mpaka wengine wakakaa kwenye mikono ya makochi. Kiti kikawekwa katikati. Kerubo alimfuata Libérate jikoni, akamshika kiwiko, akamwambia kwa sauti ya chini, “Auntie, hii ni kunyonga tu, ila bila kamba. Si lazima.” Libérate alimwambia ahsante. Aliona kweli kwamba si lazima; aliona pia kwamba kukataa kungehitaji nguvu, na kukaa kwenye kiti hakukuhitaji chochote. Akaenda akakaa. Nyuma yake alisikia bomba likifunguliwa. Kerubo alikuwa anaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

“Mtaje,” Mama Immaculée akasema.

“Nkanyiso.”

“Sema.”

“Afe,” Libérate akasema. Alilisema kama mtu anayesoma namba ya simu.

Chumba kikalipuka. Moto, moto, wakaita, miguu ikapiga sakafu, jirani wa chini akagonga dari kwa fimbo ya ufagio. Blaise alilia machozi ya kweli, kamasi mpaka kidevuni. Libérate alikaa katikati ya yote, mikono mapajani, akiona jinsi rangi ilivyobanduka juu ya dirisha.

Ilikuwa Jumatatu, saluni, vidole vikiwa kwenye kichwa cha mteja, simu yake ilipoita na yeye akashindwa kuipokea. Alitazama namba asiyoijua ikimulika, akajua wanachotaka kumwambia. Wanataka kumwambia Nkanyiso amekufa. Simu ikanyamaza. Baadaye ilionekana ni mtu wa bima ya mazishi. Lakini mwili wake ulikuwa umeshaelewa jambo ambalo kichwa chake hakikuwa kimelifikia: alikuwa ameomba kwa jina la Yesu mtu fulani afe, na yeye aliamini maombi. Katika ukavu wote ule hakuwahi kuacha kuamini maombi.

Tangu hapo akawa anangoja. Nkanyiso alitaka simu, akamchoma mtu kwa sababu hakuachia. Yeye, Libérate, hakutaka hata simu. Hakuwa na hasira. Hakuwa amelewa wala kuvuta chochote. Alikaa kwenye kiti kilichofutwa vumbi, mbele ya watu wa Mungu, akasema afe kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusimama. Wakibishana tena Ijumaa mtu anakuwa muuaji lini, na kwa roho gani, yeye angeweza kuwaambia kwamba wakati mwingine hakuna roho yoyote. Kunakuwa tu na kiti, na watu wanaokungoja. Yule alitumia kisu. Mimi, alijiambia, nimetumia jina la Yesu.

Alijaribu kuyafuta maombi yale. Alipiga magoti akasema asife, lakini neno hilo lilibaki ndani ya meno, dogo, la siri, nalo lile la kwanza lilisemwa hadharani na likaitikiwa na sebule nzima. Hakuona jinsi la chumbani lingeweza kulifukuza la sebuleni na kulikamata.

Siku ya hukumu walifika mapema, Blaise amevaa tai, Mama Immaculée amefunga kilemba cheupe, Kerubo na mafaili yake. Hakimu aliingia, watu wakasimama, wakaketi. Kizimba kilikuwa kitupu. Karani alimnong'oneza hakimu, hakimu akakunja uso, akasema mshtakiwa hajafikishwa, kesi itasubiri, akatoka. Hakuna aliyeeleza.

Mama Immaculée aliugeuza uso wake polepole, na uso huo ulikuwa unang'aa. Alimminya Libérate mkono tu. Blaise akanong'ona, “Mungu si mwanadamu, shemeji.”

Libérate akainuka akatoka. Korido ilikuwa ndefu, yenye mabenchi, na mwisho kabisa, chini ya dirisha, alikuwa amekaa yule mwanamke, shali ile ile, simu mkononi, peke yake. Libérate alimwendea, akakaa kando yake, akamwuliza kwa Kizulu bila salamu.

“Mama, yu hai?”

Mwanamke alimtazama. “Kwa nini unauliza hivyo?”

“Jumapili niliomba afe. Nililitaja jina lake.”

Alitazamia kupigwa, pengine alitaka apigwe. Mwanamke alirudisha macho kwenye simu yake, akaifuta kioo kwa ncha ya shali.

“Mimi naomba hivyo tangu alipoanza kuvuta ule unga wa whoonga,” alisema. “Ulidhani ni wewe wa kwanza?” Akamwambia, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, jinsi kijana yule alivyouza vyungu, kisha vifuniko vya vyungu, kisha mlango wa choo. Jinsi alivyomvunja mkono, huu hapa, tazama unavyopinda. Kila jioni, alisema, alikuwa anaomba polisi wampigie simu waseme njoo umtambue. “Basi wakanipigia. Kabla hawajamaliza kusema, nikasema, asante Mungu, imekwisha. Kumbe aliyekufa ni wako.”

Watu walipita wamebeba mafaili. Mahali fulani mlango ulijifunga kwa upepo.

“Nilielewa mlichosema siku ile,” Libérate alisema. “Pale getini. Sikuwaambia wenzangu.”

“Nilikuona. Nilijua umeelewa.”

“Alianza lini?” Libérate akauliza. Alitaka sana kujua, na kutaka huko kulimshangaza. “Kuwa hivi. Alikuwa mtoto gani?”

“Mtoto tu. Hapendi maboga. Shuleni si wa kwanza si wa mwisho.” Akafikiri. “Kama ningeijua hiyo siku aliyoanza, dada, ningeamka mapema siku hiyo.”

Wakakaa. Hawakushikana mikono wala hawakuomba. Kila mmoja alikuwa ameshaomba sana kuhusu mtu yule yule, wakaogopa kuongeza. Libérate alitazama mlango wa mwisho wa korido, na ndani ya mwili wake kitu kilikuwa kinafanya kama mguu uliokufa ganzi unavyofanya ukianza kuamka. Hauanzi kwa raha. Unaanza kwa sindano.

Kisha Kerubo akaja mbio kidogo, viatu vikigonga, akasema gari la mahabusu liliharibika njiani, wamefika sasa hivi, wanaitwa ndani.

Nkanyiso alikuwa na sweta ile ile. Alipandishwa ngazi kutoka chini, akakaa, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka. Libérate alikitazama kifua hicho muda wote mwendesha mashtaka alipokuwa anasema, asije akaondoa macho kikasimama. Alipoitwa, alikwenda mbele, akaapa, akachagua kusema Kiswahili, kwa sababu waliopaswa kumsikia walikuwa wanasikia Kiswahili.

“Jina langu ni Libérate. Anicet alikuwa mume wangu. Kwetu alifundisha hesabu, hapa alilinda magari. Mnauliza kifo chake kimenifanya nini. Silii. Sicheki. Nilikuwa sijui kingine, lakini sasa najua kimoja.” Mkalimani alimfuata kwa Kiingereza, taratibu, akisema mimi, mimi, kama kazi yake ilivyomtaka. “Huyu afungwe. Miaka ambayo sheria inasema, yote, hata mmoja asipunguziwe kwa ajili yangu. Sijamsamehe. Nikimsamehe nitajua.”

Alishika ukingo wa mbao.

“Lakini asife. Niliomba afe, kwa kinywa hiki, mbele ya watu, na wengine wako humu ndani. Walinisikia. Basi wanisikie tena. Nasema asife.”

Mkalimani alisita, akamwangalia kama anayeuliza ni kweli aseme hivyo, kisha akasema. Hakimu, mwanamke mwenye miwani na sauti ya upole, alimweleza kwamba anaelewa uchungu wake, lakini mahakama hii haina uwezo wa kumuua mtu yeyote, wala haikuombwa hivyo na upande wowote.

“Najua, mheshimiwa,” Libérate alisema. “Siiambii mahakama.”

Nyuma, benchi lililia. Blaise alikuwa amesimama. Alitoka nje bila kumtazama mtu, na mlango mzito ulichukua muda kujifunga nyuma yake. Mama Immaculée hakutoka. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, na hakuna ambaye angejua ni ombi lipi.

Libérate alirudi mahali pake. Hakimu alifungua karatasi zake akaanza kusoma, na Libérate akasikiliza kila neno mpaka mwisho.